Shimo Lililokunywa Vizuri

Tata Kalenga, fundi wa bomba, alipokuja mwezi uliopita kupima jiko la nyumba yetu mpya, hakuomba maji ya kunywa, hakuomba kiti, wala hakufungua mfuko wake wa vyombo. Alivua kofia, akapiga magoti katikati ya chumba, akalaza sikio kwenye sakafu. Alikaa vile kwa muda mrefu, mtu mzima mwenye mvi, mgongo juu kama mtoto anayetafuta goroli chini ya kitanda. Mama alikuwa mlangoni na sahani ya karanga mkononi. Aliiweka dirishani, akatoka nje, na sisi wawili tukabaki tukisikiliza udongo. "Hakuna mutu," akasema mwishowe, akijipangusa vumbi. "Sasa tunaweza kuanza." Zamani mzee huyu hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kujisifu. Siku ile alipima ukuta, akaweka alama za makaa mahali mabomba yatakapopita, akaenda zake. Nikabaki ndani ya chumba kile kitupu nikiukumbuka mwaka ambao nilikuwa na miaka kumi na tano. Sasa nina kumi na tisa, na bado ni yule yule wa kukaa kimya mbele ya watu. Nikiwa na la kusema, huwa naliandika. Hili nimelichelewesha.

Mwaka ule ulianza kwa furaha, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Tulikaa hapa hapa Kolwezi, mji wa madini, katika mtaa ambao nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya unamjibu kutoka kitandani. Jiko letu lilikuwa nje: bati juu ya nguzo, mbabula mbili za makaa, na ndoo zimejipanga kando ya ukuta kama wanafunzi wanaongoja kengele. Mama alikuwa amechoka na zile ndoo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kidogo cha magunia na baiskeli mbovu, na kiangazi kilipoanza Papa alikitoa vitu vyote, akasimama katikati yake mikono kiunoni. "Mama Mado," akasema, "hapa njo utakuwa unapikia. Maji itakuya mu nyumba." Njo ya kwetu ni ndipo, au ndiye. Mama alicheka huku ameziba mdomo kwa kitenge. Kuanzia siku ile habari ya mezani ikawa moja tu. Tukila bukari, ugali wa kwetu, na kisamvu cha sombe, ni lavabo, ile sinki ya jikoni. Tukila samaki tomson wa kukaanga, ni lavabo. Iwe na bakuli moja au mawili? Robine, koki ya maji, iwe ya kuzungusha au ya kuinua? Mama alitaka dirisha juu yake, ili akiosha vyombo aone nani anaingia kwenye parsele, kiwanja chetu. Papa alitaka vigae vyeupe ukutani. Hata mimi niliulizwa, nikasema nataka mahali pa kuweka sabuni, na wote wawili wakanigeukia kwa mshangao, kwa sababu nilikuwa nimesema.

Leo ningemshauri yeyote anayetaka kuleta maji jikoni aisahau robine kwanza. Maji yanayoingia hayana siri. Bomba likipasuka utaliona, utalowa. Yanayotoka ndiyo ya kuyafikiria. Yatapita wapi, kwa mteremko gani, yatalala wapi. Mtaa wetu haukuwa na mfereji wa kuchukua maji machafu. Kila parsele ilijichimbia shimo lake, na udongo wa kwetu ni mwekundu na mgumu, unakunywa kwa uvivu. Mashimo ya majirani yalijaa na kufurika, wakagombana juu ya harufu na inzi, mpaka wengine waliacha kusalimiana kanisani. Sisi tulikaa tukibishana rangi ya vigae. Sikumbuki hata mara moja mtu yeyote akiuliza maji yatakwenda wapi. Ilionekana kama swali la mtu mwenye roho mbaya.

Tata Kalenga alikuja akiwa na mdomo wake wote. Alikata mabomba, yeye akiyaita tiyo, kwa msumeno mdogo, akayaunganisha kwa gundi yenye harufu iliyoniumiza kichwa, na hakunyamaza. "Tiyo yangu haivujake, Mama Mado. Bwana anaweza kukuacha, tiyo itabakia." Papa akamjibu kutoka uani: "Kalenga, fanya kazi, bibi yangu umuachie miye." Bomba la kutoa maji alilipa mteremko mkali sana. Nilimletea munkoyo, akanielezea huku akinywa: "Maji iko sawa mutoto wa masomo. Ukimuacha atembee polepole, anasimama-simama njiani. Lazima umusukume." Na ile vane ya kufungia maji ya nyumba nzima aliiweka ndani, chini kabisa ya lavabo, ili Mama asihangaike kutoka nje akitaka kuifunga. Mama alimshukuru kwa hilo. Sote tuliona ni wema.

Shimo alilichimba karibu na ukuta wa jiko, maana uani hapakuwa na nafasi nyingine. Alizama polepole, kwanza magoti, kisha kiuno, kisha ikabaki kofia, kisha hata kofia haikuonekana, ni koleo tu linarusha udongo. Halafu nikasikia kelele imebadilika. Chuma kilikuwa kikigonga. Sasa kiliingia kama kwenye unga. "Ee," akasema Tata Kalenga kutoka chini. Akatoa mkono juu na jiwe lenye mshipa wa kijani. Kolwezi hata mtoto wa chekechea anajua lile jiwe ni alama ya madini. Papa alilitazama, akalitupa kwenye takataka. "Mji yote iko na mawe ya kijani," akasema. "Endelea." Wakamwaga ndoo ya kwanza kujaribu. Maji hayakutulia hata kidogo, yalinyonywa kwa sauti. Ndoo ya pili vilevile. Tata Kalenga alipanda ngazi akipiga makofi. "Shimo hii inakunywa! Muite bantu, baone shimo ya Kalenga!" Na watu walikuja kweli. Walisimama kulizunguka kama mbele ya gari jipya, wakaleta ndoo zao za maji machafu, wakamwaga, wakatikisa vichwa kwa wivu. "Papa Mado, Mungu anakupendaka," akasema mmoja.

Nimewahi kujiuliza kama watu wa mji mwingine wangekosea vile. Nadhani mahali pengine ardhi ikimeza maji namna ile, mtu angerudi nyuma, angeogopa. Kwetu tulisifu. Sote tulijua kwamba chini ya mtaa kuna watu, kwamba nyuma ya turubai fulani na mlango fulani kuna shimo linaloshuka kutafuta madini, na kwa sababu sote tulijua, hakuna aliyesema. Mtu ulimwona anaingia kwa jirani asubuhi akiwa safi, anatoka jioni akiwa na rangi ya matofali, ukamsalimu tu. Papa, kwa furaha ya siku ile, akaongeza neno ambalo huenda analisikia mpaka sasa: "Kama inakunywa hivi, tuipatie na mvua." Basi Tata Kalenga akachukua bomba nene, akaliunganisha na mfereji wa bati la paa letu, akalishusha ukutani mpaka shimoni, akaligundisha vizuri, halafu akafunika shimo kwa sahani ya simenti. Maji yote ya paa, mvua ikija, yangekwenda chini kule. Ilikuwa kiangazi. Mvua ilikuwa mbali, na uani hapangekuwa na matope tena.

Kwetu kiangazi ni baridi, na miezi ile jiko lilikuwa chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukaa. Jua la asubuhi lilianguka juu ya vigae, maji yakatoka kwenye robine yakiwa yamekunjwa kama kitambaa, na Mama aliosha hata vyombo visivyo vichafu. Nilifanyia masomo yangu pale, juu ya meza ya kukatia mboga. Lakini lavabo ilikuwa na tabia. Maji yakiisha kushuka, tundu lilikoroma kama koo la mtu anayelala vibaya, halafu likatoa pumzi. Ilikuwa na harufu ya baridi, kama chumba kilichofungwa miaka mingi, ndani yake mna jasho na mshumaa uliozimwa. Sasa najua kwa nini, Tata Kalenga mwenyewe ameniambia. Chini ya lavabo kuna sifoni, ile sehemu ya bomba iliyopindwa, ambayo lazima ibaki na maji kidogo ndani. Yale maji ndiyo mlango, yanazuia hewa ya shimo isipande. Mteremko wake ulikuwa mkali mno, na hakuweka bomba la kupumulia, hivyo kila maji yaliposhuka yalivuta na yale ya mlango. Jiko letu likabaki wazi. Kati ya meza yangu na kilichokuwa chini hapakuwa na kitu.

Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, nimetoka masomo, jua kali nje. Nilisikia kugonga. Nilifikiri ni jirani, nikatoka uani, huko palikuwa kimya. Nikarudi, kugonga kukarudi. Niliinama juu ya lavabo. Tik, tik, kunyamaza, tik. Kisha mtu akakohoa ndani ya tundu la maji, karibu sana, kama yuko kwenye kabati, na sauti nyingine ya mbali ikasema kitu, na ile ya karibu ikajibu wazi kabisa: "Mama wa yulu amefula tena. Nanukia sabuni." Wakacheka. Wa yulu, wa juu, ni Mama yangu. Nilikaa chini sakafuni. Halafu nikainuka haraka, kwa sababu sikutaka kukaa juu ya sakafu ile.

Nilikaa na habari hiyo mpaka jioni, si kwa ubaya, ila sikujua sentensi yake inaanzaje. Mama alipoanza kumwaga maji ya moto ya bukari nikamshika mkono. "Mama, chini kuko bantu." Alinitazama, akatazama tundu. Mama yangu ana desturi ya tangu utoto wake: hamwagi maji ya moto nje bila kupiga kelele kwanza, ili kuku wasogee, na watoto, na wale wasioonekana. Siku ile aliinama, nywele zake zikigusa robine, akaita ndani ya bomba kwa sauti ile ile: "Batoto ee! Mutoke, namwanga maji!" Tukangoja. Nilimwona anajicheka kidogo. Halafu ikapanda sauti ya kijana, ya upole, kama mtu anayejibu nyuma ya mlango wa choo: "Merci, mama," yaani asante, na kicheko kifupi cha aibu baada yake. Mama aliweka sufuria chini. Hakumwaga yale maji. Aliyatoa nje, akamwaga barabarani.

Papa alikwenda kwa Papa Rebeka, jirani wa ukuta wetu, ambaye uani kwake kulikuwa na turubai la rangi ya machungwa lililolala pale tangu Pasaka. Walikaa chini ya dirisha letu na chupa zao, nikasikia yote. Papa Rebeka ni mtu mnene, mcheshi. Huwezi kumkasirikia kwa urahisi. "Papa Mado, tusidanganyane," akasema. "Beko chini yenu kidogo, ndiyo. Mushipa ya madini inaenda kwenye inataka. Mi siwezi kuiambia ipite ku barabara."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba yako iko nzima. Bachimbaji yangu beko na akili, banaachaka nguzo."

"Nguzo ya nini?"

"Ya udongo. Mungu njo alijenga. Unazarau kazi ya Mungu?"

Papa akacheka, na kicheko chake kilinitia baridi, kwa sababu hakikuwa cha mtu aliyekwenda kugomba. Papa Rebeka akashusha sauti, akasema kwamba mtu mwenye parsele hawezi kusahauliwa, watagawana, na bibi yake anaweza kupata hata jiko lingine, kubwa zaidi. Nilihesabu pumzi za Papa kutoka dirishani. Jioni alimpelekea Mama lile neno, kwa mzunguko, akianza na ada ya masomo yangu. Mama alikuwa anachambua mboga ya lengalenga. "Papa Mado," akasema bila kuinua kichwa, "bale batoto bananiitika. Unataka nikule juu yabo?" Habari ya kugawana haikurudi tena. Lakini pia Papa hakwenda kwa mtu yeyote wa serikali, wala Mama hakumwambia aende. Wachimbaji wangefukuzwa, wangekuja wengine, na turubai lingehamia chumba cha kulala. Ndivyo tulivyoishi. Na tulipolala kila mmoja alijua sakafu ni nyembamba.

Kuanzia hapo Mama aliita kila mara. Hata maji ya kuosha kikombe kimoja. "Mutoke, namwanga!" na kutoka chini, "Merci, mama," na kile kicheko. Siku nyingine kijana alikuwa hajibu, Mama akakaa na beseni mkononi, uso umekaza, mpaka ajibu. Siku moja alimuuliza, "Umekula?" Jibu likapanda: "Mukate, mama." "Mukate si chakula!" Mama akapiga kelele ndani ya lavabo, na tukacheka wote watatu, wawili juu na mmoja chini. Hatukumjua kwa sura. Tuliwaona vijana wa Papa Rebeka wakitoka jioni, tukawapima mmoja mmoja: labda yule mrefu, labda yule wa kofia nyekundu. Mama hakuuliza. Nadhani aliona aibu, au aliogopa kwamba akimjua hataweza tena kuosha sahani.

Kilichomkosesha Mama usingizi kilikuwa lile bomba la paa. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho, joto likaanza kukusanyika, na Mama kila jioni alitoka uani kulitazama, nene, jeupe, limegundishwa, linashuka kutoka bati mpaka shimoni. "Papa Mado, toa ile kitu." Papa alisema Kalenga ndiye aliyeliweka, Kalenga atalitoa, asije akavunja mfereji wa bati. Kalenga alikuwa Tenke, mji mwingine, amepata kazi kwenye nyumba ya wageni. "Atarudia mwisho wa mwezi. Mvua bado." Na ilikuwa kweli, mvua ilikuwa bado, kila mtu alisema hivyo. Mama akamjibu: "Paa yote itaangukia batoto." Papa alisema nimekusikia. Alikuwa amesikia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeamini kalenda.

Ilikuja mchana, nimerudi kutoka masomo, nimevua viatu tu. Mama alikuwa sokoni, Papa kazini. Mwanga ndani ya jiko uligeuka rangi ya chai. Upepo ulipiga mlango, kisha tone moja kwenye bati, zito, kisha kimya, kisha yakaja yote. Nilikimbia kwenye lavabo. Mimi ambaye mwalimu alikuwa ananiambia "Mado, tunasoma midomo yako?", niliinama nikapiga kelele: "Mutoke! Maji!" Sauti yangu, ndani ya bomba, ilikuwa sauti ya Mama. Naye kijana, kutoka chini, akaitika kwa upole wake wa kila siku: "Merci, mama." Na akacheka. Nilielewa wakati ule ule: amesogea kando kidogo, anangoja maji ya vyombo yapite. "Si vyombo! Mvua! Ni mvua ya paa, mutoke yulu!" Nikaita tena na tena. Ndani ya tundu kulikuwa na sauti mpya sasa, ya kuanguka, mfululizo, na sikusikia mtu.

Nilichukua mchi wa kinu, nikatoka. Bomba lilikuwa linatetemeka ukutani kwa wingi wa maji. Niliupiga mkunjo wake mpaka ukapasuka, maji yakaruka, yakanipiga kifuani, yakaenea uani. Lakini uwanja wetu ulikuwa umeinamia kule kule shimoni, tulikuwa tumeuinamisha wenyewe kiangazi kile ili usafishike, na maji yakazunguka ile sahani ya simenti, yakapata njia pembeni yake. Nikaruka kwenda kwa Papa Rebeka, nimelowa, bila viatu, nikasimama mbele ya turubai nikilia kwa nguvu. Alitoka na mswaki mdomoni. Alipoona namna nilivyo hakufanya mzaha. Alivuta kamba, akaita chini, na wakaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, wakitema matope, wakitukana mvua. Mama alifika wakati yule wa mwisho anatoka, kitenge kimemgandia mwilini, kikapu kichwani bado. Aliwatazama vijana wale wote. "Ni nani kati yenu ananiitikaka?" akauliza. "Ku lavabo. Ni nani?"

Walitazamana. Yule wa kofia nyekundu akasema, "Lavabo gani, mama?"

"Jikoni! Chini ya jikoni yangu!"

"Hapana, mama," akasema yule mrefu. "Siye tuko huku, upande wa barabara, chini ya baraza yenu. Ya jikoni si yetu. Ile ni ya bale ba nyuma. Baliingilia mu chumba, ku parsele ya nyuma, habasemake na bantu."

Papa Rebeka aliangalia chini. Alikuwa amesema "chini yenu". Hakusema chini ya jikoni. Sehemu iliyobaki tuliijaza sisi. Mama aliacha kikapu kianguke, akakimbia ndani. Nilimkuta ameinama juu ya lavabo, mikono miwili kwenye ukingo, anaita. Hakuita "batoto." Aliita "mutoto wangu." Anaita, anaweka sikio, anaita. Kutoka tunduni kulikuwa na mngurumo tu, kama lori lililo mbali. Nikaona mstari mwembamba unapita kwenye vigae vyeupe, unashuka taratibu kwa pembe, kama mtu anayechora na rula. Papa aliingia wakati huo. Alikuwa ameomba ruhusa kazini alipoona wingu. Alimkamata Mama kiunoni, akamnyanyua, naye ameishika lavabo, na lavabo ikatoka ukutani ikamfuata. Tulipokuwa mlangoni shimo lilifunguka. Sahani ya simenti ilizama bila kelele kubwa, ukuta ukaketi, nusu ya sakafu ikaenda. Bomba la kuleta maji lilikatika, likaanza kumwaga mle ndani kwa nguvu zake zote, na ile vane ya kulifunga ilikuwa chini ya lavabo, mahali ambapo sasa hapakuwa mahali. Tulisimama kwenye mvua tukiyatazama maji yetu wenyewe yakiwaangukia. Ilibidi Papa akimbie mpaka mwisho wa barabara kutafuta mtu wa kufunga bomba la mtaa mzima. Nikisikia leo mtu anajenga, hilo ndilo ninalosema hata kama sijaulizwa: kifungio kiwe nje, karibu na geti, mahali unapofika ukikimbia.

Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa, na mvua haikuacha. Mama hakula. Alikuwa anamtazama kila anayeingia, akitega masikio kwa kila habari, na ya tatu au ya nne ilikuwa yenyewe: barabara ya nyuma kuna kilio. Kijana mmoja. Wenzake walitoka, yeye alikuwa amebaki upande wa ndani. Mama alivaa kitenge cha kuazima, akanishika mkono, na Papa akaja nyuma yetu kwa umbali, akaenda kukaa na wanaume kwenye viti vya plastiki, kichwa kati ya magoti. Hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Kulikuwa na turubai lililofungwa kwenye miti, wanawake wameketi juu ya mikeka, na picha ya kijana mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni. Niliitazama nikitafuta ile sauti usoni mwake. Picha haina sauti. Mama aliketi karibu na mama wa marehemu, akalia kwa namna ambayo wanawake wengine walinyamaza kumtazama.

Baadaye kidogo yule mama alimgusa. Alikuwa mwembamba, macho makavu kwa kulia. "Mama, unisamehe," akasema. "Mulimujuaka wapi mutoto wangu?"

Mama alijifunika uso kwa kile kitenge cha kuazima. Wanawake waligeuka wote, nami nikasema:

"Alikuwa anamuitika mama yangu. Kila siku, mama akisema kitu."

"Alikuwa anasema je?"

"Merci, mama."

Nje matone yalikuwa yanashuka kutoka ukingo wa turubai, mtu amekinga beseni. Yule mama alinishika mkono, akanivuta karibu mpaka nikanusa moshi kwenye nguo zake.

"Na akisha kusema vile," akauliza polepole, "alikuwa anacheka kidogo, sawa mutu anasikia haya?"

"Ndiyo, mama."

Akaachia mkono wangu.

"Njo yeye," akasema.